Maandishi ya Penseli, Ukurasa wa Tisa

Vijana wa chumba cha prufu, wasahihishaji wa kurasa kabla hazijachapwa, mmeniomba niandike mbinu zangu. Mbinu zangu zote zinaenea kwenye kadi moja, na kadi yenyewe nimewaachia katika droo ya kushoto: ile ya katoni, yenye mwanya wa upana wa mstari mmoja. Iwekeni juu ya ukurasa, someni mstari unaoonekana, halafu isogezeni chini. Hakuna siri nyingine. Kwa hiyo nitawaandikia zaidi habari za kosa langu moja, kwa sababu sidhani kama mtaweza kulirudia, na ingekuwa hasara nikiondoka nalo.

Naandika nikiwa Kismayo, barazani kwa dada yangu, asubuhi kabla jua halijafika kwenye kiti. Hapa hakuna anayeniuliza habari za koma. Jirani aliposikia kwamba kazi yangu ilikuwa kusoma, aliuliza nilikuwa nasoma nini. Nikamwambia kila kitu. Akaniuliza kama ndiyo sababu sikujenga nyumba.

Nilizaliwa Chula, kisiwa cha Wabajuni kusini ya hapa. Vita vilipotutoa visiwani nilikuwa kijana wa kutosha kumbeba mama mgongoni kutoka kwenye boti, na elimu yangu ilikuwa chuo cha Kurani pamoja na vitabu viwili vya shule ambavyo baba alivinunua hapa Kismayo. Tulikaa kambini Kenya, kisha nikapata njia ya kwenda Mombasa. Kazi yangu ya kwanza katika kiwanda chetu cha uchapaji ilikuwa kufagia vipande vya karatasi chini ya mashine ya kukatia.

Vipande vile nilivisoma. Mzee Katana, mkuu wa chumba cha prufu, alinikuta siku ya tatu nimechutama na ufagio kwapani.

"Wewe Mbajuni, unafagia au unasoma?"

"Nafagia vile nilivyokwisha kusoma."

Alinipa karatasi aliyokuwa nayo mkononi, ratiba ya mazishi ya mtu fulani, akaniuliza kama nimeona kosa. Nikamwambia nimeona matatu. Akaichukua tena akaipitia mstari kwa mstari. "Mimi nilikuwa nimeona mawili," akasema. Siku iliyofuata ufagio ulipewa mtu mwingine.

Katana alisoma kwa sauti, mimi nikifuatisha kwa macho, kama mnavyofanya nyinyi, ila yeye alitamka kila alama. Nilikaa miezi nikisikia mtu akisema "Ndugu wapendwa koma tunawakaribisha nukta" bila kucheka hata mara moja. Alinifundisha kwamba neno lililokosewa si hatari sana, kwa sababu linakurukia machoni. Hatari ni neno lisilokuwepo. Hilo halirukii mtu. Jicho lako linajua lilipaswa kuwa wapi, na linalijaza lenyewe bila kukuuliza. Mara moja mimi na mwenzangu tulipitisha karatasi ya zahanati iliyosema "Dawa hii ni ya kunywa." Mswada ulisema "si ya kunywa." Wote wawili tuliiona "si" ambayo haikuwepo. Katana aliikamata mashine ikiwa imeshaanza kuzunguka, akaizima kwa mkono wake, akaenda nje kukaa. Hakutugombeza. Aliporudi alisema tu, "Usisahihishe kwa kumbukumbu. Tafuta nakala ya asili, uweke kando, ulinganishe." Sijawahi kupewa ushauri bora, na mtaona baadaye kwamba niliusahau.

Kanuni yake nyingine mnaijua. Kosa huandikwa kwa wino mwekundu. Swali huandikwa kwa penseli. Wino hutoka nje kwenda kwa mteja, penseli haivuki mlango: hufutwa kabla prufu haijaondoka.

Kanisa la Wabaptisti la mtaa wa pili lilikuwa likituletea masomo yake ya Jumapili kila baada ya miezi mitatu. Niliyasoma yote, miaka yote. Kwa njia hiyo, mimi ninayeswali swala tano, nikajua kwa nini wao wakibatiza huzamisha na hawanyunyizi, kwa nini hawana askofu, na kwa nini mambo makubwa hupigiwa kura na baraza. Niliijua pia kauli waliyoirudia zaidi kuliko nyingine: kwamba hakuna mtu anayesimama kati ya mwanadamu na Mungu. Katana, ambaye alikuwa wa kanisa jingine, alinitania kwamba mashemasi wakikwama wangenitumia mimi. Sote tuliona ni mzaha.

Mwalimu wa darasa la wanawake katika kanisa hilo alikuwa Mama Tabitha, mkunga mstaafu, mwenye sauti ya kusikika wodi nzima. Alikuwa akifundisha darasa hilo kabla mimi sijafika Mombasa. Alikuja kiwandani na mahamri kwenye kitambaa, na kila mara alinikuta na kosa la mavazi. Siku moja alileta mswada wake mwenyewe, umeandikwa kwa mkono kwenye daftari la mistari: *Dakika Ishirini za Kunyamaza.*

Alikuwa amejifunza jambo hilo bara, kwenye mafungo ya kiroho ya siku chache, mwaka uliofuata kifo cha mumewe. Kijitabu kilieleza hatua kwa hatua. Kaa wima. Chagua neno moja fupi kutoka katika Maandiko. Litaje moyoni pamoja na pumzi, likiingia na kutoka. Wazo likija usipigane nalo, liache lipite, rudi kwenye neno. Wanawake wachache wa darasani walikuwa wameshaanza kukaa hivyo naye kila Alhamisi.

Nilipofika ukurasa wa tisa, kadi yangu ilisimama. Mstari uliokuwa kwenye mwanya ungeweza kusemwa na babu yangu. Babu alikuwa khalifa, yaani kiongozi, wa zikri pale Chula. Kando ya msikiti kulikuwa na chumba kidogo cha khalwa, yaani cha kujitenga peke yako ukimtaja Mungu, na nikiwa mdogo nilisikia watu wakieleza jinsi wanavyokaa humo: wima, jina moja, pumzi. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa yake kwenye kituo cha mabasi. Nikaandika pembeni kwa penseli, nikazungushia duara: "Hii ni khalwa ya kwetu Chula kabisa. Wameipataje?"

Nilitaka kumwuliza Mama Tabitha atakapokuja. Lakini binti yake alijifungua huko Taita, naye akaenda kumhudumia. Karani wa kanisa ndiye aliyekuja kuchukua prufu, nami nilikuwa nimetoka kwenda kuswali adhuhuri. Niliporudi meza ilikuwa tupu. Raba ilikuwa pale pale nilipoiacha.

Baada ya siku nne alikuja Mchungaji Yona mwenyewe, pamoja na shemasi mmoja mnene aliyeitwa Mwadime. Mchungaji alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kukunja karatasi mara mbili kabla ya kusema. Aliifungua prufu mbele yangu.

"Bwana Athmani, mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu. Haukupaswa kutoka humu ndani."

"Lakini umeutoa moyoni."

"Niliutoa kwenye penseli, Mchungaji. Lilikuwa swali."

"Nusu ya pili ni swali," alisema Mwadime. "Nusu ya kwanza inasema *kabisa.*"

Ningemwajiri yule shemasi.

Mchungaji alinieleza hofu yake, na nataka kuiandika kwa haki, kwa sababu haikuwa ya kijinga. Alisema wachungaji wenzake wamekuwa wakionyana juu ya jambo hili. Linaingia makanisani likiwa limevaa maneno mazuri. Watu wanalaza akili, wanarudia neno moja, kisha wanainuka na kusema Mungu amewaambia hiki na kile, huku Biblia imefungwa mapajani. "Sina ugomvi na ukimya," alisema. "Naogopa sauti inayosikika humo ndani. Nani ataipima?" Aliniomba niandike ukurasa mmoja, nieleze kwamba zoezi hili ni la dini yetu, niutie sahihi. Baraza lingekaa baada ya wiki tatu. Likiridhika kwamba ni jambo la nje, kijitabu hakitachapwa, na Mama Tabitha atavuliwa darasa.

Yeye mwenyewe alirudi wiki hiyo hiyo. Hakuleta mahamri.

"Athmani! Miaka yote nakulisha, leo umenichongea?"

"Mama, sikukuchongea. Niliuliza."

"Uliuliza kwa penseli! Huna mdomo?"

"Ulikuwa Taita."

"Taita hakuna simu?" Alivuta kiti akakaa, na sauti yake ikashuka hadi kiasi ambacho sikujua kuwa anacho. "Sikiliza. Baba Tabitha alipokufa, nilikuwa naomba kama mtu anayeagiza dukani. Nipe hiki, ondoa kile. Kule bara nikajifunza kufunga mdomo, nikalala usingizi kwa mara ya kwanza. Ni hilo tu. Sasa wakinivua lile darasa nabaki na nini? Nyumba na redio. Waambie ulikuwa unatania. Chukua raba yako ufute."

Kwa hiyo mmoja alitaka nithibitishe, na mwingine alitaka nifute. Nilikaa na prufu ile nikaona kwamba siwezi kufanya lolote kati ya hayo mawili, kwa sababu ndogo na ya aibu: sikuwa na hakika. Nilikuwa nimesahihisha kwa kumbukumbu. Niliisikia khalwa nikiwa mtoto, nje ya ukuta, na juu ya hilo nikaandika *kabisa.* Nakala ya asili ilikuwa Chula, kwa shangazi yangu Mwanahawa, aliyekuwa amerudi kisiwani na alikataa kuhamishwa tena na mtu yeyote. Nilikuwa na likizo ambayo sijaichukua. Nikaenda kwa basi, kisha kwa boti ya mashine hadi Kiunga, nikavuka mpaka pale Ras Kamboni, na siku ya nne nilikuwa Chula. Katika begi nilikuwa na daftari la Mama Tabitha na kadi yangu.

Shangazi alikuwa akichambua mchele. Hakuinuka.

"Umezeeka," alisema. "Umekuja kuzikwa?"

"Nimekuja kuuliza habari za khalwa."

"Miaka yote hiyo, na hilo ndilo ulilolikosa Mombasa?"

Nilimsomea kijitabu hatua kwa hatua, yeye akijibu, mimi nikitia alama. Kibajuni chake nakiandika hapa kwa Kiswahili cha kawaida, ila neno *mchu* nitaliacha kama alivyolitamka, kwa maana sioni kama mtapotea: ni mtu. Kukaa wima? Ndiyo. Neno moja? Jina, ndiyo. Pumzi? Ndiyo. Wazo likija? "Liende zake." Kila mstari ulipata tiki. Nilifika mwisho wa ukurasa wa tisa nikafunga daftari, nikijua kwamba nimemkosesha Mama Tabitha darasa lake.

"Sasa soma pa mchu wa mlangoni," alisema shangazi.

"Mtu gani wa mlangoni?"

"Mimi!"

Aliweka ungo chini. Alikuwa na miaka kama kumi, alisema, na babu alimkalisha kwenye kizingiti cha chumba kile na mtungi wa maji. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia khalwa bila mchu wa mlangoni. Jua likifika kwenye fremu aligonga na kumwita aliye ndani kwa jina lake na jina la mama yake, na yule lazima aitike. Asipoitika, aliingia na maji. Na mtu akitoka, hakwenda kwake moja kwa moja. Babu alimkalisha akamwuliza, "Umeona nini?"

"Wakasemaje?"

"Wengi hawakuona kitu, wakaona haya. Mmoja alitoka macho yamemtoka, anasema ameona nuru, nuru imemwambia amwache mkewe. Baba akamwuliza: hilo limeandikwa wapi? Yule kimya. Limeandikwa wapi? Kimya. Akamwambia, nenda ukale."

"Basi?"

"Basi nini tena? Alikuwa na njaa. Na mke alikuwa na ulimi."

Nilimwuliza kama khalwa ingalipo. Akaniambia walikuja wachu na bunduki, wakasema zikri ni uzushi, wakafunga chumba. Wameshaondoka, sasa chumbani humo huwekwa nyavu. Nikamwuliza kama watu wale walimwuliza yeyote alikuwa akiona nini humo ndani. "Hawakuuliza," alisema, akarudi kwenye mchele wake.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiufikiria ukurasa wa tisa. Nilikuwa nimeusoma kwa kadi, mstari kwa mstari, na jicho langu lilimweka mtu mlangoni pale ambapo hakuna mtu. Mswada wa Mama Tabitha ulikuwa na chumba, neno na pumzi, kisha ukaishia hapo. Ilikuwa ile "si" ya zahanati. Na kilichonishangaza zaidi ni kwamba babu yangu, asiyepata kumwona Mbaptisti maishani mwake, alikuwa na hofu ile ile ya Mchungaji Yona, karibu kwa maneno yale yale.

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa kanisa, kwenye viti vya plastiki. Nilipewa kimoja karibu na dirisha. Mama Tabitha alikaa peke yake upande wa pili, mkoba mapajani. Sikuandika ukurasa walioniomba. Nilisimama nikasema kwamba niliandika *kabisa*, na kwamba nimesafiri kulinganisha, na si kabisa. Nikawaeleza yote: kukaa, neno na pumzi vinafanana, kwao bara vilitoka wapi mimi sijui, na mtu asiniombe sahihi kwa nisilolijua. Lakini kwetu mtu hakuachwa peke yake na alichokisikia. Kulikuwa na mtu mlangoni wa kumwita kwa jina lake na la mama yake, na kulikuwa na swali la limeandikwa wapi. Hilo kwenye kijitabu halimo.

Mchungaji Yona alikunja karatasi yake mara mbili. "Nakushukuru, Bwana Athmani. Lakini sisi hatuna mtu wa mlangoni. Kwetu kila mwamini anasimama mwenyewe mbele za Mungu. Hakuna wa katikati."

"Ndivyo tulivyofundishwa," alisema Mama Tabitha. "Basi nyinyi kumi na wawili mnafanya nini mlangoni kwangu?"

Kisha Shemasi Mwadime akaanza kucheka, tumbo likitikisa kiti, na mwanamke mmoja nyuma akacheka, na Mchungaji akatazama karatasi yake kama mtu aliyeona kosa baada ya kuchapa.

Hakupigisha kura siku ile. Nitamheshimu daima kwa alichosema: "Siwezi kuhukumu kitu nisichokisoma." Alhamisi iliyofuata alikwenda kukaa dakika ishirini kwenye chumba cha darasa, na Mama Tabitha akakaa kizingitini. Mimi sikuwepo. Nilisimuliwa na kila mmoja peke yake, na nakala mbili zinalingana, isipokuwa Mama anadai alisikia mkoromo.

Mchungaji alikuja kiwandani kunisimulia.

"Dakika za mwanzo nilihesabu vigae. Kisha nikatulia. Halafu, Bwana Athmani, nikasikia kabisa, kama unavyonisikia, nikiambiwa nivunje ukumbi nijenge wa ghorofa."

"Ukafanyaje?"

"Mama alinigongea, akaniita jina langu na la marehemu mama yangu. Sijui alilijuaje. Akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia. Akanipa Biblia mkononi. Akasema: limeandikwa wapi?"

"Ukasemaje?"

"Nilinyamaza."

"Naye?"

"Akaniambia niende nikale."

Darasa lilibaki kwa Mama Tabitha. Mchungaji hakuacha hofu yake, wala sidhani kwamba alipaswa kuiacha. Aliandika onyo mwanzoni mwa kijitabu, refu kuliko lilivyohitaji, na Mama akaniomba kwa siri nilipunguze. Nilipunguza maneno manne, kwa wino mwekundu, mbele ya wote wawili. Mama akaongeza ukurasa wa kumi: asikae mtu peke yake, awepo mwenzake mlangoni wa kumwita kwa jina, wakimaliza wafungue Biblia pamoja, na lisilopatikana humo waliache pale pale chumbani. Nilipomwuliza kama anakubali kwamba jambo hilo limetoka Chula, alisema kwamba wakunga wamekuwa wakikaa milangoni tangu hapo.

Prufu ile ya kwanza iko kwenye droo, chini ya kadi. Sikufuta penseli. Chini ya duara niliandika kwa wino: "Si kabisa. Ameachwa mtu wa mlangoni." Mwonyesheni kila mgeni wa chumba hicho.

Nilipostaafu, kabla ya kufika hapa Kismayo, nilipitia Chula nikamsomea shangazi kijitabu kilichochapwa. Alisikiliza hadi mwisho wa ukurasa wa kumi. Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule mara mbili kwa sauti na mara ya tatu kwa kadi.

"Na maji?" aliuliza.

Nilitazama. Hayakuwemo.

"Yule mchungaji wenu, alipewa maji?"

Sikujua. Nilimtumia Mama Tabitha ujumbe pale pale kwa simu ya mjukuu wa shangazi, nikasubiri mtandao. Jibu lilikuja kabla ya alasiri: "Bilauri mbili. Mimi ni mkunga, Athmani, unafikiri ningemwacha hivi hivi?"

Kwa hiyo kijitabu kile kikirudi kuchapwa, ukurasa wa kumi, mstari wa tatu, baada ya neno "mlangoni," ongezeni "na maji." Tumieni wino mwekundu.